Yule Tusiyemtaja

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Chuo kilitaka kurasa mbili: wewe ni nani, na ni kitu gani katika maisha yako kilichokuleta kwenye saikolojia. Nililisoma nikiwa nimesimama, katika chumba pekee kilichokuwa na intaneti Nachingwea mjini, nikaona ni swali jepesi. Nilikuwa nimefaulu mitihani migumu kuliko hiyo. Nikaomba wanichapie karatasi yenye maelekezo, nikaikunja, nikapanda baiskeli kurudi nyumbani nikiamini kwamba Jumapili itanikuta nimemaliza.

Jumapili ile ilipita, na nyingine ikapita.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, sina muda mrefu tangu nitoke Chuo Kikuu. Nyumba niliyopewa na shule ilikuwa na vyumba vitatu, nami nilitumia kimoja. Mwenzangu wa somo la jiografia tuliyeishi naye alipata uhamisho, akaondoka na redio yake, na hapo ndipo nilipogundua kwamba muda wote ule mimi na yeye hatukuwa tukizungumza. Ilikuwa inazungumza redio. Jioni nilisahihisha madaftari, nikasonga ugali wa mtu mmoja, ambao siku zote hutoka mwingi mno au kidogo mno, nikala, nikakaa.

Watu wa Nambambo, upande nilioishi, hawakuwa wabaya. Walinisalimia vizuri, hata wazee waliniita mwalimu, na salamu ikiisha hapakubaki kitu. Mtu mwenye kuhoji kila jambo huheshimiwa kwa mbali. Nilikuwa nimeacha kwenda msikitini kwa sababu nilikuwa na maswali ambayo shehe alinijibu kwa kunitazama tu. Kwenye pombe sikwenda kwa sababu ilinitapisha. Kwa hiyo sikuwa na mahali pa kukaa na watu. Nilitaka kuondoka. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kweli la swali la chuo, na ndilo jibu ambalo nisingeweza kuliandika. Nafasi ile ilikuwa na ufadhili wa kila kitu, na sikuona nyingine ikija. Nikiikosa, nilijiona nikizeeka katika vile vyumba vitatu, nikihama kutoka kimoja kwenda kingine kwa ajili ya kubadilisha hewa.

Nikaandika. Niliandika juu ya akili ya binadamu, juu ya upungufu wa wataalamu nchini, juu ya wanafunzi wangu wanaoanguka na kupiga kelele darasani na kupelekwa kwa waganga. Nikapeleka kwa dada mmoja aliyekuwa na steshenari karibu na soko, anachapa kwa jenereta. Alikuwa anachapa Kiingereza kwa kasi bila kukisoma, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili akaacha.

"Mwalimu, samahani. Hii herufi moja hii, mbona imesimama peke yake kila mahali? Utafikiri nguzo za simu."

Nikaangalia. Ilikuwa ile herufi ambayo kwa Kiingereza ndiyo "mimi".

"Maana yake mimi," nikamwambia.

"Yote hiyo ni wewe?"

"Ndivyo wanavyotaka."

"Haya," akasema, akaendelea kuchapa. "Mimi ningechoka."

Nilimtumia rasimu ile mhadhiri wangu wa zamani, mama mmoja aliyetufundisha saikolojia ya elimu, asiyepamba maneno. Jibu lake lilikuja baada ya siku kadhaa, mistari michache. Alisema maandishi yangu ni safi na hayana mtu ndani yake. Alisema nimeandika juu ya akili kama vile mimi mwenyewe sina. Akaniambia nianze utotoni, kwa sababu hakuna anayekwenda kusoma mambo ya nafsi bila kitu kumsukuma, na kitu hicho mara nyingi kiko huko.

Nilikasirika kidogo, kwa sababu nilijua anachokisema. Kilikuwepo.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kuwa bubu. Sikumbuki nilivyokuwa bubu. Nakumbuka watu wakinisemea. Nakumbuka mwanamke mmoja kisimani akimuuliza mwenzake, "Huyu ndiye yule?" na mwenzake akimkanyaga mguu. Nakumbuka nimelala kwenye mkeka, moshi wa korosho zinazochomwa ukinikata koo, na ninataka kukohoa lakini nimejizuia, kwa sababu ambayo siijui. Baada ya hapo kumbukumbu inaruka mpaka jandoni. Nikitoka jandoni, ninaongea. Katikati hapana kitu. Nilipokuwa Chuo Kikuu nilisoma juu ya watoto wanaonyamaza, nikasoma usiku na mchana kwa njaa ambayo sikuwa nayo katika somo lingine, na sikumwambia mtu kwa nini.

Basi nilikuwa nayo habari ya kuandika, ila sikuijua. Baba alikuwa amekwishafariki, na bibi pia. Aliyebaki na habari hiyo alikuwa mama, Nkowe, wilaya ya Ruangwa. Nikaomba ruhusa shuleni, nikapandisha baiskeli yangu juu ya lori lililokuwa linakwenda kubeba korosho, nikashukia Ruangwa, nikamalizia njia kwa kunyonga pedali kwenye mchanga.

Nilimkuta mama shambani. Ulikuwa msimu, chini ya mikorosho kumejaa mabibo mekundu na ya njano, na harufu yake tamu iliyochacha ilikuwa nzito kiasi cha kuegemewa. Aliponiona alipiga kigelegele kifupi, cha mtu mmoja, kisha akaniambia nisimkumbatie, mikono yake ina utomvu.

Siku ile sikuuliza. Nilikaribishwa. Nyumbani kwetu, tangu nilipomaliza chuo, nilikuwa natengewa chakula sebuleni, mezani, peke yangu, wali na paja la kuku, huku mama na dada zangu na watoto wao wakila ugali uani kwenye mkeka mmoja. Niliwasikia wakicheka. Nilikwenda kwenye mlango na sahani yangu, nikasema nataka kula nao. Dada yangu mkubwa akasogea kunipa nafasi, watoto wakanyamaza, mama akasema, "Karibu, baba," na tukala wote kimya mpaka ugali ukaisha. Kesho yake nilirudi mezani mwenyewe bila kuambiwa.

Asubuhi nilimfuata shambani tukaokota pamoja. Unaliokota bibo, unainyonga korosho mpaka inaachia, unaitupa kwenye ndoo, bibo unaliacha. Kazi hiyo ni nzuri kwa kuuliza maswali kwa sababu kila mtu anaangalia chini.

"Mama, nilipokuwa mdogo nilikaa bila kuongea. Ilikuwaje?"

"Wewe?" Hakuinua kichwa. "Wewe umeongea tangu nikujue. Ndiyo taabu yako."

"Kabla ya jando, nasema."

"Kabla ya jando hukuwepo."

Lazima nieleze hapa, kwa wasiotoka kwetu. Mtoto wa kiume akienda jando, jina lake la utotoni haliendi mbali zaidi ya pale. Tulikaa porini katika kibanda cha miti na nyasi, tukafundishwa yanayofundishwa. Siku ya kutoka kibanda kikatiwa moto pamoja na nguo zetu za zamani, tukaambiwa tutembee bila kugeuka. Nilisikia miti ikipasuka nyuma yangu, nikaona kivuli changu kinatikisika mbele, sikugeuka. Nyumbani kila mmoja alifika na jina jipya. Shule ilipofunguliwa, mwalimu wa darasa alikata kwa rula majina ya nusu ya wavulana kwenye daftari la mahudhurio akaandika mengine, na hakuna aliyeona ajabu. Tangu hapo, atakayekuita kwa jina la zamani amekutukana tusi kubwa, na atalipa kuku. Yule mtoto hatajwi.

Mimi, kwa elimu yangu, niliona hiyo ni mila nzuri ya kuandikwa kwenye vitabu. Sikuona kwamba inaweza kunizuia mimi.

"Mama, hiyo ni mila tu."

"Na hiyo karatasi yako uliyokuja nayo?"

"Hiyo ni maombi ya chuo. Wanataka kujua nilikotoka."

"Umetoka kwangu. Waandikie hivyo."

"Wanataka kujua utoto wangu ulikuwaje."

Akasimama akajinyoosha mgongo. Ninayaandika kwa Kiswahili lakini alisema kwa Kimwera, lugha ambayo maneno yake makali hayana pembe unazoweza kushika. "Hao watu wanataka kumsomesha nani? Wewe au yule mtoto?"

"Mimi. Lakini ni mtu mmoja, mama."

"Kama ni mtu mmoja, mbona unakuja kuniuliza mimi habari zake?"

Mtu wa aina yangu akikosa jibu hufanya upumbavu. Nilisema kwamba jina ni sauti tu, hewa inayotoka mdomoni. Nikasema nitamthibitishia. Nikalitamka. Jina langu la utotoni, zima, kwa sauti ya darasani, mbele ya mwanamke aliyenizaa.

Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alinitazama mdomo. Siyo usoni, mdomoni, kama mtu anayengoja kuona kitu kitakachotokea hapo. Kisha akaacha ndoo palepale akaondoka kuelekea nyumbani, upesi, mkono mmoja umeshika kanga kifuani.

Jioni akaja mjomba. Kwetu mwenye neno la mwisho juu ya mtoto ni kaka wa mama, na mjomba wangu alilipenda neno la mwisho. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaomba maji, akakaa kwenye kiti nilichotolewa mimi.

"Mjomba," akaniambia, maana mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "nimeambiwa kuna mtu kataja jina."

"Ndiyo, mjomba. Mimi."

"Kamtaja nani?"

"Mimi."

Akavua kofia, akakuna kichwa. "Ngoja. Wewe umekutaja wewe."

"Ndiyo."

"Aliyetaja anamlipa kuku aliyetajwa. Ndiyo sheria, sikuitunga mimi. Sasa huyu atoke huku na kuku," akaonyesha upande mmoja wa uani, "aende kule, ajipe mwenyewe, ajishukuru?" Dada zangu walikwishaanza kucheka, wamejifunika vinywa kwa kanga. "Huko chuo ndiko mlikofundishwa kujigawa? Au ndiyo hiyo salojia?"

"Saikolojia, mjomba."

"Haya, hiyohiyo. Na kuku atachinjwa na nani kati yenu wawili?"

Hata mimi nilicheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti na ungo mtupu mapajani, na bado, kila niliposema kitu, alinitazama mdomo. Mjomba akamwona. Kicheko kikamtoka usoni.

"Basi kuku apewe mama yako," akasema. "Umemtisha."

"Nimemtisha kwa nini?"

"Mjomba, ukiambiwa toa kuku, unatoa kuku. Kila kitu kwa nini, kwa nini. Utakuja kumuuliza ngariba kwa nini kisu kinakata."

Nilinunua tetea mweupe kwa jirani, nikampa mama kwa mikono miwili. Alimfunga mguu kwenye nguzo ya jiko, akamwekea pumba.

Siku ya kuondoka nilimkuta asubuhi anabangua korosho za kuchoma, ganda jeusi analipiga kwa jiwe, kiini anakitupia kwenye bakuli. Tetea alikuwa karibu yake anadonoa. Nilikaa kwenye kinu nikisubiri chai ipoe. Sikuwa na mpango wa kuuliza tena. Akaanza yeye, bila kuniangalia, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za kijiji cha jirani.

"Kulikuwa na mwanamke hapa Nkowe, alikuwa na mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma. Wakati ule kule kuna vita. Akaletewa habari mdogo wake mgonjwa. Akasema nakwenda kumchukua, narudi. Alikuwa na mtoto anayesema sana, mtoto wa kusema mpaka jua linachoka. Akamwacha kwa bibi yake."

Nilidhani ni habari ya mtu mwingine. Kweli nilidhani hivyo, kwa muda mfupi.

"Kule ng'ambo njia zikafungwa. Mvua ikaja, mto ukajaa. Mdogo wake akafa, akamzika, akakaa hajui atapitia wapi. Huku mtoto anauliza. Mama yuko wapi. Atarudi lini. Kwa nini harudi. Asubuhi, mchana, jioni. Bibi yake mzee, na yeye hajui kama mwanawe yuko hai, roho inamuuma. Siku moja akamwambia: ukinyamaza, mama yako atarudi."

Alipiga korosho, kiini kikatoka kizima. Akakitazama, akakiweka.

"Akanyamaza."

Chai yangu ilikuwa mkononi.

"Na yule mwanamke akarudi," akasema mama. "Unaona? Mtoto alinyamaza, na mama akarudi. Sasa nani atamwambia kwamba siyo hivyo? Mama yake akamwambia nimerudi, sema. Akatikisa kichwa. Akamwambia siondoki tena. Akatikisa kichwa. Wakampeleka hospitali, wakampeleka kwa waganga, wakamvukiza, wakamchanja. Mtoto anatazama tu. Yule mwanamke alilima msimu, akavuna, akalima tena, anaongea peke yake. Anauliza anajijibu. Umeshiba? Nimeshiba. Umechoka? Sijachoka. Watu wakasema na yeye ameharibikiwa. Hakujua mtu anaweza kuwa na mtoto ndani ya nyumba na bado nyumba ikawa tupu hivyo."

Niliiweka ile chai chini.

"Mtoto akaenda jando. Wanaume walimuuliza mama yake, bubu anakwenda kujibu nini huko? Akasema mchukueni. Siku ya kutoka wakapangwa, kila mtoto anamwendea mama yake, anamtajia jina lake jipya, mama anampa zawadi. Yule mwanamke amesimama na shati jipya mkononi, anasema moyoni, huyu hatasema, nitamwambia nini mbele za watu. Akaja. Akasimama. Akasema."

"Akasema nini?"

Hapo mama aliniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akatabasamu kidogo. "Jina lako."

Tetea alipanda kwenye gogo akashuka.

"Kwa hiyo yule mwanamke akasema, huyu ndiye wangu. Yule mwingine abaki kule porini na kimya chake." Akakung'uta maganda mapajani. "Asiitwe."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilipokwisha kukalia baiskeli, akashika usukani. "Usinyamaze," akasema.

Nilirudi Nachingwea na habari ambayo mhadhiri wangu angeifurahia. Niliiandika kwa muda mfupi, kwa mkono, karibu bila kufuta. Ilikuwa na mtoto, vita, mto uliojaa, uongo wa bibi. Ilikuwa na mwisho. Hata Kiingereza changu kilinyooka. Niliisoma kwa sauti katika chumba kimoja, nikahamia kingine nikaisoma tena, na nilijua kwamba kwa kurasa hizo ningepata nafasi.

Wakati huohuo mama akaanza kunibipu. Jirani yake alikuwa na simu, na mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya zahanati. Kila siku kabla ya magharibi simu yangu ililia mara moja ikakata. Nilipopiga nilimkuta anahema, amepanda.

"Sema," ananiambia.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Hakuna. Umesema. Haya." Anakata.

Kesho yake hivyohivyo. Vocha zilikuwa ghali kwangu, na mwanzoni nilikereka. Halafu nikaona kwamba siku ambazo hakuna vipindi, zile salamu zangu za haraka kwa mama ndiyo maneno pekee niliyoyatoa mdomoni tangu asubuhi. Nikaanza kuisubiri simu. Nilikuwa naiweka mezani, nakaa mbele yake.

Sikuamini kwamba jina linaweza kumwita mtu arudi. Siamini hata sasa. Lakini nilijihoji kama nilivyozoea kuwahoji wengine, na nilichokuta hakikunipendeza. Kilichonifunga mdomo ni uongo wa mtu mzima aliyekuwa amechoka. Kilichonifungua ni nini, kama siyo uongo mwingine, kwamba yule mtoto amebaki kwenye moto? Hakuna aliyenihoji ilikuwaje. Hakuna aliyetaka niseme nilichohisi. Walinipa mahali pa kuanzia upya bila kueleza chochote, na mimi nilikuwa nataka kwenda kusomea kazi ya kuwafanya watu waeleze.

Siku moja kabla ya kupeleka karatasi kwa yule dada wa steshenari, mama alibipu nikapiga, akasema, "Sema," nikasema:

"Mama, naomba ruhusa. Nataka kuwaandikia wale watu habari ya mtoto wa yule mwanamke."

Nilisikia upepo wa kichuguuni, na mbuzi.

"Watamtaja?"

"Watamsoma tu. Hawajui hata jina lake."

"Wewe unalijua."

"Sitaliandika."

"Wewe ni mtu mzima, baba," akasema. "Fanya unavyoona."

Angenikatalia, ningeandika. Namjua mtu huyu ninayeandika habari zake, akikatazwa hufanya. Lakini aliniachia, na sauti aliyoniachia nayo ilikuwa ya yule mwanamke anayeuliza na kujijibu. Niliweka zile kurasa ndani ya kitabu cha kemia cha kidato cha tatu, ambacho sikukifundisha, nikaandika nyingine.

Niliandika kwamba ninakotoka mimi mvulana hana utoto wa kusimulia, kwamba maisha yangu yanaanzia kwenye njia itokayo porini, moto uko nyuma yangu, sijageuka. Niliandika kwamba kuna habari ya kabla ya hapo na kwamba si yangu. Nikaandika kwamba ninataka kusoma saikolojia kwa sababu sijui kama mtu anaponywa kwa kusema au kwa kuruhusiwa asiseme, na sijakutana na mtu anayejua. Dada wa steshenari aliichapa, akahesabu kwa macho.

"Nguzo zimepungua," akasema.

Mhadhiri wangu nilimtumia hiyo pia, akanijibu kwa sentensi mbili: kwamba nimefunga mlango halafu nimeandika kurasa mbili juu ya mlango, na kwamba ananitakia heri. Nikatuma.

Jibu la chuo lilinikuta baada ya mvua za masika kuanza. Ilikuwa Jumamosi. Nilisoma nimesimama, palepale niliposomea swali. Walishukuru. Walisema maombi yalikuwa mengi. Mmoja wao alikuwa ameongeza mstari, kwa wema nadhani, kwamba wangependa kumfahamu zaidi mwombaji, hasa mazingira yake ya awali. Nililipa, nikarudi nyumbani kwa baiskeli ndani ya matope, nikavua viatu, nikakaa.

Sikupika. Mvua ilinyesha ikaacha. Mtu alipita barabarani akaita "Mwalimu!" na sikuitikia, siyo kwa sababu ya hasira, ila kuitikia kulionekana ni kazi kubwa, kama kuinua gunia. Mwanga ulipoanza kupungua nilikuwa sijasema neno tangu jana yake. Nilijua hivyo, na nilijua pia kwamba ninaweza kuendelea. Kulikuwa na ulaini fulani ndani ya kimya kile. Ilikuwa kama mkeka ninaoujua.

Simu ikalia mara moja, ikakata.

Niliitazama. Ikalia tena, ikakata. Mama hakuwa na kawaida ya kubipu mara mbili. Nikabonyeza namba, nikaiweka sikioni, nikamsikia anahema.

"Sema."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, kwamba wamekataa, kwamba walimtaka yule mtoto, kwamba sina pa kwenda. Hakuna lililotoka. Ilikuwa kama zamani kwenye moshi.

"Baba?" Sauti yake ikapanda. "Sema neno. Neno lolote. Umekula? Mwanangu, umekula?"

Akasubiri kidogo. Kisha nikamsikia, juu ya kichuguu kule Nkowe, anavuta pumzi kujijibu.

"Sijala," nikasema kabla hajasema yeye.

"Hujala," akasema, na pumzi ikamtoka.

"Sijala. Mvua imenyesha, kuni zimelowa. Nilikuwa na dagaa, nimewasahau nje, paka kawala." Sikuwa na dagaa wala paka. "Mama, yule tetea anataga?"

"Anataga. Anataga jikoni, mshenzi yule."

"Mayai mangapi?"

"Wee, mayai ya watu hayahesabiwi."

"Kwa nini hayahesabiwi?"

Akacheka. Nikaendelea. Nilimwuliza habari za mjomba, za mikorosho, za kichuguu kama kinateleza, nikamwambia juu ya wanafunzi wangu na juu ya mashimo ya barabara, nikasema lolote lililokuja, na kila nilipoishiwa nilisema kwa nini, mpaka salio likaisha.